Billy Tipton: Siri ya mpiga piano iliyofichuliwa na kifo, na filamu iliyomrudishia heshima

ILIKUWA Januari 21, 1989, katika mji wa Spokane, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Mzee wa miaka 74, aliyekuwa akiishi kwa kipato kidogo katika nyumba ya matela, alizidiwa na maradhi mbele ya mwanawe. Wahudumu wa gari la wagonjwa walifika, wakamlaza na kufungua nguo zake ili wajaribu kuokoa maisha yake. Walichokiona ni mwili wa mwanamke.

Wakamgeukia kijana na kumuuliza iwapo baba yake alipata kufanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia. Kijana hakuwa na jibu. Baba yake akakata roho, naye akabaki na misiba miwili kwa wakati mmoja: kufiwa na mzazi, na kuambiwa na watu baki kwamba mzazi huyo hakuwa yule aliyedhani anamjua.

Marehemu alikuwa Billy Lee Tipton, mpiga piano na saksafoni aliyetumbuiza katika kumbi na klabu za usiku kwa zaidi ya miaka 40. Kilichomuua ni vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikivuja damu, maradhi ambayo hata katika mwaka huo yalikuwa na tiba hospitalini. Dalili zilikuwa zimejitokeza mapema. Yeye alisema ni mapafu yanayomsumbua, kwa kuwa alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na akakataa kuitiwa daktari.

Daktari angemtaka avue shati. Katika sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima, Tipton aliuficha mwili wake kwa makini. Alichagua kuvumilia maumivu, na maumivu yakamshinda.

Tipton alizaliwa Desemba 29, 1914, mjini Oklahoma City, na kuandikishwa kuwa mtoto wa kike. Jina la kike alilopewa siku ile lilichapishwa mno na magazeti baada ya kifo chake, na hapana haja ya kulirudia hapa. Baba yake alikuwa rubani, katika enzi ambazo ndege zilikuwa bado kitu cha kushangaza, na mara chache alizopata nafasi alimpandisha mwanawe angani. Wazazi walipoachana, mtoto alipelekwa Kansas City, jimbo la Missouri, kulelewa na shangazi yake.

Mji huo katika miaka ya 1920 na 1930 ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya muziki wa jazi. Klabu zilikuwa hazifungwi hadi alfajiri, na bendi kama za Bennie Moten na Count Basie zilikuwa zikiunda mtindo wa swingi ambao baadaye ulicheza nchi nzima. Kijana huyo, ambaye shuleni waliozoeana naye walimwita Tippy, alijifunza piano na saksafoni na kuutamani ulimwengu huo.

Lakini ulimwengu huo ulikuwa wa wanaume. Mwanamke aliruhusiwa kuimba mbele ya bendi akiwa amevaa gauni la kumeremeta, lakini kuketi nyuma yake na kupiga chombo lilikuwa jambo jingine. Walikuwapo wachache waliovunja mwiko huo, na Mary Lou Williams, mpiga piano wa bendi ya Andy Kirk hapo hapo Kansas City, ndiye anayekumbukwa zaidi. Wengi hawakupewa hata nafasi ya kujaribiwa.

Mwaka 1929 mdororo mkubwa wa uchumi uliikumba Marekani, na Oklahoma ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia zaidi. Ilipofika 1933 hivi, Tipton, wakati huo akiwa na miaka 18, alikuwa akitafuta kazi katika bendi. Alifunga kifua chake kwa kitambaa, akavaa suti, akachukua jina la Billy, ambalo lilikuwa jina la utani la baba yake, akaenda kuomba kazi akiwa mwanamume. Akaajiriwa.

Mwanzoni alikuwa mwanamume jukwaani tu. Baadhi ya wanamuziki wa Oklahoma walijua hali yake na hawakujali, kwani aliujua muziki. Mwaka 1936 alikuwa akiongoza bendi iliyopiga redioni, na miaka miwili baadaye alijiunga na kundi jingine lililosikika katika kituo cha redio cha KTOK. Kufikia 1940 alikuwa akiishi kama mwanamume usiku na mchana, jukwaani na nyumbani. Kutoka hapo, kwa kadiri inavyojulikana, waliobaki na siri yake walikuwa binamu zake wawili wa kike, ambao aliendelea kuwasiliana nao miaka yote. Nao wakanyamaza.

Siri hiyo haikuwa mchezo. Miji mingi ya Marekani ilikuwa na sheria ndogo zilizomfanya mtu kuwa mhalifu kwa kuonekana hadharani na mavazi yasiyo ya jinsia yake. Columbus, Ohio, ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1848, San Francisco ikafuata 1863, na mingine ikaiga. Polisi walizitumia kwa muda wa zaidi ya karne moja. Mwanamuziki wa kuzunguka kama Tipton, ambaye leo yuko mji huu na kesho ule, alibeba hatari hiyo kila alipoingia hotelini au kusimamishwa barabarani.

Mwaka 1941 alianza mkataba wa miaka miwili na nusu katika klabu iliyoitwa Cotton Club, mjini Joplin, Missouri, akiwa na bendi ya George Meyer. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiwachukua vijana wa umri wake jeshini. Baada ya Joplin alizunguka na bendi nyingine, akapiga Texas kwa miaka miwili, na mwaka 1949 akaungana tena na Meyer kwa safari ndefu ya majimbo ya kaskazini magharibi. Safari hizo hazikuwa na fahari yoyote: barabara za milimani, vyumba vya bei nafuu, na kumbi ambamo watu walikuja kula na kucheza zaidi ya kusikiliza. Hata hivyo, maonyesho ya bendi hiyo mjini Roseburg, Oregon, yalirekodiwa na kituo cha redio cha hapo, na sauti ya piano ya Tipton wa miaka hiyo imehifadhika.

Alikuwa mpigaji wa aina gani? Waliomsikiliza kwa makini husema alikuwa fundi aliyekomaa ambaye hakuvumbua mtindo wake mwenyewe. Aliwafuata Teddy Wilson na kundi la Benny Goodman, kwa vidole vyepesi na mwendo wa kuchezeka. Wapigaji wa namna hiyo ndio waliofanya muziki wa dansi uendelee kuwapo katika miji midogo, na kwa kawaida historia huwasahau wote.

Katikati ya miaka ya 1950, akiwa Longview, jimbo la Washington, aliunda kundi lake la watu watatu: yeye kwenye piano, mwenzake mmoja kwenye dramu na mwingine kwenye besi. Kundi hilo lilipendwa, likaalikwa hadi California. Mjini Santa Barbara msaka vipaji wa kampuni ya Tops Records aliwasikia, na mapema mwaka 1957 zikatoka albamu mbili za nyimbo za jazi zilizokuwa zikijulikana na wengi. Kwa mwaka huo pekee ziliuzwa nakala 17,678, hesabu nzuri kwa kampuni ndogo iliyouza santuri za bei ya chini.

Mlango wa umaarufu ukafunguka. Mwaka 1958 kundi lilipewa nafasi ya kuwa bendi ya nyumbani katika hoteli moja ya kasino mjini Reno, Nevada, mahali ambapo wangemtangulia jukwaani Liberace, mmoja wa wapiga piano waliokuwa na jina kubwa kuliko wote Marekani. Tops nao walitaka albamu nyingine nne. Kwa wenzake wawili hiyo ilikuwa ndoto.

Tipton akakataa vyote. Akahamia Spokane, akawa wakala wa kuwatafutia wasanii kazi, na kundi likabaki kupiga kila wiki katika klabu ya mji huo. Hakutoa sababu iliyowaridhisha wenzake. Leo sababu haihitaji kubahatishwa sana. Mtu maarufu hupigwa picha, huhojiwa, hufuatwa hadi kwao alikozaliwa, na mwandishi mmoja mdadisi katika Oklahoma angetosha kubomoa kila kitu.

Mfano wa kilichompata mtu wa namna hiyo ulikuwa mbele ya macho ya Wamarekani wote. Desemba 1, 1952, gazeti la New York Daily News lilitangaza katika ukurasa wake wa kwanza habari za Christine Jorgensen, aliyewahi kuwa askari wa jeshi la Marekani na ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji nchini Denmark ili aishi kama mwanamke. Tipton alikuwa na miaka 37 wakati huo. Jorgensen alifuatwa na wapiga picha tangu uwanja wa ndege, akafanywa dhihaka na wachekeshaji, na mwaka 1959 akanyimwa leseni ya ndoa kwa kuwa cheti chake cha kuzaliwa kilisema yeye ni wa kiume. Aliubeba umaarufu huo kwa adabu na ucheshi, akaufanya kazi yake ya kujipatia riziki. Wawili hao, mmoja aliyeishi katika mwanga wa kamera na mwingine aliyeukimbia, walifariki mwaka mmoja: Tipton Januari, Jorgensen Mei.

Nyumbani, Tipton alikuwa mtu wa kupendwa. Wanawake watano, kwa nyakati tofauti, walijulikana kama Bibi Tipton, ingawa hakufunga ndoa ya kisheria na hata mmoja wao. Wa kwanza alijua hali yake. Wa baadaye waliambiwa kwamba ajali mbaya ya gari ilimvunja mbavu na kumwumiza sehemu za siri, ndiyo maana hufunga kifua kwa bendeji na hujifungia mlango anapooga. Wakaamini. Baada ya kifo chake baadhi yao walihojiwa na kusema kwamba hawakuwa na shaka naye, na kwamba alikuwa mume mwema. Ni rahisi kuwacheka wanawake hao, na wengi waliwacheka, lakini nani humkagua mwenzi wake kwa jicho la askari wa forodha?

Mwaka 1960 hivi alianza maisha na Kitty Kelly, aliyekuwa mcheza dansi wa klabu za usiku. Wakachukua watoto watatu wa kiume, wakawalea kama wanao. Familia hiyo ilionekana kama familia nyingine yoyote ya mtaa wa Spokane: baba akijitolea katika skauti pamoja na wanawe, wazazi wakihudhuria vikao vya shule. Wanamuziki vijana waliopita katika ofisi ya wakala alimofanya kazi walimkuta tayari kuwaelekeza, na wengine walipata kazi zao za kwanza kwa mkono wake.

Katika maonyesho yake alipenda kuweka vichekesho, akiwaiga Liberace na Elvis Presley. Mara nyingine aliigiza mtoto wa kike, na ukumbi ukavunjika mbavu kwa kumwona mwanamume wa makamo akijifanya msichana. Mtu hawezi kujua alichokiwaza Tipton wakati makofi yale yakipigwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa baridi yabisi ulimkaza vidole, akaacha muziki. Yeye na Kitty walitofautiana juu ya malezi ya watoto, wakaachana, naye akahamia kwenye nyumba ya matela pamoja na wanawe. Fedha zikapungua. Hapo ndipo inapoanguka hoja iliyorudiwa sana baada ya kifo chake, kwamba alivaa suti ili apate kazi ya muziki basi. Kwa takriban miaka 10 ya mwisho hakuwa na bendi, hakuwa na jukwaa, hakuwa na mwajiri wa kumdanganya. Angeweza kuivua suti hiyo asubuhi yoyote. Hakuivua.

Yeye mwenyewe hakupata kutoa maelezo hadharani, na maneno yanayotumika leo kuwaeleza watu waliobadili jinsia hayakuwa ya enzi zake. Aliloacha ni mwenendo wa zaidi ya nusu karne, na mwenendo huo ulikuwa wa mwanamume.

Kitty alijaribu kuilinda siri hata baada ya kifo. Aliagiza mwili uchomwe ili usionekane tena. Lakini habari haikuzuilika, fedha za vyombo vya habari zikawa zinatolewa, na siku moja baada ya ibada ya mazishi gazeti la kwanza likachapisha. Mashirika ya habari yakaidaka, na ndani ya siku chache dunia ilimjua Billy Tipton kwa jambo moja tu ambalo hakutaka lijulikane.

Magazeti ya udaku yaliifanya karamu. Yale yenye heshima zake nayo hayakuwa nyuma sana. Yalimwita mwongo, tapeli, mwigizaji aliyewahadaa wake na watoto. Kitty na wanawe walikalishwa katika vipindi vya televisheni mbele ya hadhira iliyotaka kujua jambo moja: inawezekanaje msijue? Watoto waliokuwa katika majonzi walijibu maswali ya chumbani ya baba yao mbele ya mamilioni ya watu, wakati watazamaji wakiguna na kucheka.

Magazeti ya Kiingereza yalihangaika pia na sarufi. Lugha yao humlazimisha mwandishi kuchagua kila anapomtaja mtu, ni wa kiume au wa kike, na mengi yalichagua kumvua Tipton uanaume wake katika kila sentensi. Kiswahili hakina taabu hiyo. Mtu anaweza kusimulia maisha yote ya Tipton, tangu piano ya Kansas City hadi nyumba ya matela, bila kulazimika kuamua, mpaka afike kwenye maneno mume na baba. Na kwa kweli ugomvi wote ulikuwa juu ya maneno hayo mawili.

Mwaka 1998 Diane Middlebrook, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitoa kitabu kirefu cha maisha ya Tipton, baada ya Kitty mwenyewe kumwomba akiandike. Ni kazi ya utafiti mkubwa, na mengi yanayojulikana leo kuhusu safari na bendi za Tipton yametokana nayo. Lakini kitabu hicho kimeegemea wazo la maisha ya sura mbili, la mwanamke aliyecheza mchezo mrefu wa kuigiza, na wasomaji waliobadili jinsia wamekilaumu kwa hilo. Mwaka huo huo mwandishi wa Scotland, Jackie Kay, alichukua kisa hicho akakigeuza riwaya iitwayo Trumpet, akamfanya mhusika wake kuwa mpiga tarumbeta mweusi wa Uingereza. Riwaya hiyo ilimtazama mjane na mtoto kwa huruma ambayo magazeti hayakuwa nayo.

Wakati huo filamu za hali halisi, zile zinazofuata watu halisi badala ya waigizaji, zilikuwa zimeanza kuyashika maisha ya namna hii kwa mkono mwingine. Mwaka 1998 ilitoka filamu kuhusu Brandon Teena, kijana wa Nebraska aliyeuawa Desemba 31, 1993, akiwa na miaka 21, baada ya watu kugundua kwamba alizaliwa na mwili wa kike. Filamu hiyo ilionyesha jinsi alivyokwenda kwa polisi kushitaki alipobakwa na jinsi alivyohojiwa kwa dharau, huku wabakaji wakiachwa huru hadi wakarudi kumuua.

Inayomkaribia zaidi Tipton ni Southern Comfort ya Kate Davis, iliyopata tuzo kuu ya filamu za hali halisi katika tamasha la Sundance mwaka 2001. Inasimulia mwaka wa mwisho wa Robert Eads, mwanamume wa mashambani Georgia aliyezaliwa na mwili wa kike na aliyepatwa na saratani ya ovari. Eads hakuogopa kwenda kwa daktari. Alikwenda, na zaidi ya madaktari 20 wakakataa kumpokea, baadhi yao wakihofia kwamba mgonjwa wa namna yake angewatia aibu mbele ya wagonjwa wengine. Alipopata wa kumtibu saratani ilikuwa imekwisha kuenea. Alifariki Januari 1999, miaka 10 baada ya Tipton. Kamera ya Davis inamwonyesha akivuta kiko kwenye kibaraza, akipika, akicheka na marafiki, akidhoofika. Mtazamaji aliyekuwa akidhani Tipton alikuwa mwoga bure kwa kutomwita daktari anaweza kuitazama filamu hiyo akapata jibu.

Filamu ya Tipton mwenyewe ilichelewa. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2020 katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, miaka 31 baada ya kifo chake. Inaitwa No Ordinary Man, jina linalomaanisha kwamba huyu hakuwa mwanamume wa kawaida. Waongozaji wake ni Aisling Chin-Yee na Chase Joynt, na Joynt mwenyewe ni mtu aliyebadili jinsia.

Walikuwa na tatizo la kiufundi. Filamu huhitaji picha zinazotembea, na Tipton, aliyeishi kwa kuikwepa kamera, aliacha zaidi picha mnato na rekodi za sauti. Njia ya kawaida ingekuwa kumtafuta mwigizaji mmoja wa kuigiza maisha yake. Waongozaji hawa waliita waigizaji kadhaa waliobadili jinsia, weusi kwa weupe, wazee kwa vijana, wakawapa kila mmoja nafasi ya kufanya majaribio ya kumwigiza Tipton, kisha wakawaacha wazungumze. Mmoja anasimama na suti, anasoma mistari, halafu anatulia na kueleza jinsi yeye naye alivyoogopa mara ya kwanza kuomba kazi. Kwa njia hiyo mtu aliyeshughulikiwa na waandishi kama kituko cha pekee anaonekana kuwa mmoja katika ukoo mrefu.

Filamu hiyo inarudisha pia vipande vya vile vipindi vya televisheni vya 1989. Vikitazamwa leo vinatia uchungu, na hasa sura za wanafamilia, ambao hawakuwa na mtu hata mmoja pale studio wa kusema nao kwa heshima. Wataalamu waliobadili jinsia, miongoni mwao mwanahistoria Susan Stryker, wanaeleza jinsi masimulizi yale yalivyowafikia wao wakiwa vijana na kuwafundisha kwamba mtu kama wao, akijulikana, hugeuzwa kichekesho hata akiwa maiti. Wengine wanasema kwamba habari ile ile, pamoja na matusi yake, ndiyo iliyowajulisha kwa mara ya kwanza kwamba mtu wa namna yao aliwahi kuishi, akapendwa, akazeeka.

Si kila mtu atakubaliana na kila kitu ndani yake. Wapo wasomi wa muziki wanaoshikilia kwamba ubaguzi wa jazi dhidi ya wanawake usisahauliwe katika kisa hiki, na Seattle kuna kundi la wanawake wapiga saksafoni lililojipa jina la Tipton kwa sababu hiyo hiyo. Ubaguzi ule ulikuwapo kweli, na pengine ndio uliomfungulia mlango wa kwanza mwaka 1933. Haukutosha kumweka ndani ya suti hadi 1989.

Lakini anayeibeba filamu ni mtu mmoja asiye mwigizaji wala msomi: Billy Tipton Jr., yule mwana aliyekuwapo siku ile ya Januari. Sasa ni mtu mzima. Waongozaji wanamkuta nyumbani kwake, akiwa ameishi miaka 30 na swali la wahudumu wa gari la wagonjwa, bila kujua kwamba mahali pengine kulikuwa na watu waliomhesabu baba yake kuwa shujaa. Wanamweleza. Anasikiliza, anafuta macho, kisha anaendelea kusimulia habari za mzee wake kwa neno lile lile alilolitumia tangu utotoni, baba.